Asali Iliyokataa Kuchachuka

Asali ikianza kuchachuka huwa inapumua. Katika chumba changu cha kazi mitungi ya glasi ilipangwa kwenye rafu ndefu, kila mmoja ukiwa na mrija mwembamba uliotoka kwenye kifuniko na kuzama ndani ya kikombe cha maji. Hewa ya uchachu ilipotoka ilipasua kiputo kimoja, kikafuata kingine, na mitungi yote ikifanya hivyo kwa pamoja chumba kilijaa kelele kama ya vyura wadogo majanini. Niliizoea sauti hiyo hata nikawa siisikii tena. Nilichosikia, asubuhi moja baada ya mvua za vuli, ni kwamba upande mmoja wa rafu ulikuwa kimya.

Nilikuwa nafanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti hapa Kitengela. Kukiita kituo ni kukipamba. Ilikuwa ghorofa moja juu ya duka la mabati na misumari, kando ya barabara ya Namanga, na vyumba vyake vilikaliwa na watafiti wa mambo yasiyohusiana kabisa. Mmoja alichunguza magonjwa ya mbuzi. Mwingine alipima udongo mweusi wa huku kwetu, ule unaopasua nyumba za watu. Jirani yangu wa ukutani alikuwa mtu wa nyota, mwanamume wa makamo aliyetoka Kware kila asubuhi akiwa na mfuko wa njugu mfukoni. Yeye aliuchukua mwanga wa nyota, akaugawanya kwa rangi zake, na kwa rangi hizo akajua nyota imeundwa kwa vitu gani. Mimi nilisomea kemia, na kazi yangu ilikuwa pombe.

Kina mama fulani wa ng'ambo ya Isinya walikuwa wakitengeneza pombe ya asali, ile Wamaasai wanayoiita enaisho, inayonywewa kwenye sherehe na wakati wa kupatanisha watu. Walitaka kuitia kwenye chupa na kuiuza kama divai. Shida yao ni kwamba kila pipa lilitoka na tabia yake: hili tamu, lile kali kama siki, jingine linapasua chupa. Mimi nilitakiwa kujua ni chachu gani zinazoishi ndani ya asali yao, na nini kifanyike ili zitoe ladha ileile kila mara.

Mama yangu hakuifurahia kazi hiyo hata kidogo. Sisi ni watu wa Machakos, wa kanisa lisilo na mchezo na pombe, na yeye ni wa kwaya. Nilipompigia simu kumweleza nimepata ajira, aliniuliza, "Nilikupeleka chuo kikuu ukajifunze kupika pombe?" Nikamwambia hiyo ni kemia. Akasema kila mlevi ana jina lake la kuiita, halafu akauliza kama mume wangu amepona kikohozi.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha ikaja asubuhi hiyo ya ukimya.

Mitungi iliyonyamaza yote ilikuwa na asali mpya ya boma moja. Mtu wa maabara akikosea hutafuta kosa mikononi mwake kwanza, kwa hiyo nilichemsha vyombo vyote, nikachanganya asali ileile na maji yaliyosafishwa hapo hapo maabarani, nikaanza upya. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Nikachota chachu kutoka mtungi uliokuwa ukipumua kwa nguvu nikaitia ndani ya ule uliokufa. Ukatoa viputo siku ya kwanza, ukalegea, ukanyamaza. Nilipoitazama chachu kwa hadubini nilikuta imesinyaa kama maharagwe yaliyoachwa juani.

Chachu si kiumbe wa kudeka. Nimeiona ikiishi kwenye maji ya miwa, kwenye ganda la ndizi, kwenye uji uliosahauliwa chini ya meza. Kuiona ikifa ndani ya asali, ambayo ni chakula chake, kulinitisha kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu. Jioni nilipofunga mlango wa chumba nilisimama kidogo nikisikiliza. Upande wa kushoto viputo viliendelea. Upande wa kulia hapakuwa na kitu.

Nikaenda mwenyewe kwenye hilo boma.

Mwenye asali alikuwa mama mjane ambaye kila mtu, watoto wake na wageni, alimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Nami nilimwita hivyo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, mcheshi kupita kiasi siku za kawaida; ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake kwenye mikutano ya kikundi mpaka wanashindwa kupiga kura. Mizinga yake ilining'inia kwenye migunga iliyofuata mkondo mkavu, na chini ya mkondo, mwendo mfupi kutoka bomani, palikuwa na silanga, bwawa la udongo ambalo majirani walilichimba pamoja miaka mingi iliyopita ili kukinga maji ya mvua.

Nilimsalimia "Takwenya," naye akaitika "Iko," lakini hakuwa na mzaha siku hiyo. Alinikalisha, akanimiminia chai ya maziwa, na nilipokuwa nikinywa akanieleza kwamba nyuki hawako sawa. Hawaendi mbali. Wengine wanatambaa chini kama siafu, wanapanda majani, wanaanguka. Alikuwa amefuga nyuki tangu alipoolewa na hakuwahi kuona kitu kama hicho, wala hakujua amwulize nani.

Tulivaa nyavu za uso tukaenda kwenye mizinga. Alipofungua wa kwanza nilitarajia kukuta njaa, kwa sababu nyuki wenye njaa hulegea vile. Lakini masega yalikuwa yamejaa asali. Chavua nayo ilikuwepo, imeshindiliwa kwenye vitundu vyake, ya njano na ya rangi ya chungwa. Watoto wa nyuki ndio waliokuwa wamekufa, wamelala kwenye vyumba vyao wakiwa wamegeuka rangi ya majivu.

"Nakerai," Yeyo akaniambia, yaani mwanangu, "hii nyuki iko na njaa na chakula iko hapo ndani."

Nilichokonoa chavua kwa ncha ya kisu. Nyuki hawali chavua ikiwa mbichi. Huichanganya na asali na mate yao, wakaiacha ichachuke, ikawa laini na yenye uchachu kidogo, na hicho ndicho chakula wanachowalisha watoto wao. Wao nao ni wapishi wa chachu. Chavua niliyoishika ilikuwa kavu na yenye kung'aa, kana kwamba imeletwa asubuhi hiyo, na Yeyo akasema imekaa humo tangu mvua zilipoanza. Kitu kilichonyamazisha mitungi yangu kilikuwa kimeingia mzingani kabla yangu.

Tukawafuata nyuki wachache waliokuwa bado wakiruka. Walikwenda kwenye silanga, wakatua kwenye tope la ukingoni, wakanywa. Nilichuchumaa hapo. Maji yalikuwa safi, na huo usafi ndio ulionitisha. Silanga yoyote huwa na utelezi wa kijani pembeni, huwa na wadudu wanaokimbia juu ya maji, huwa na vyura wanaojitupa ukikaribia. Hii niliona mpaka chini. Mawe yalionekana kama yameoshwa kwa sabuni. Mvua ilikuwa imenyesha majuma machache tu yaliyopita na hakuna chura aliyelia.

Nikamwuliza Yeyo bomani wanatumia maji gani.

"Si ni hii," akasema.

Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya ile chai.

Nilirudi Kitengela na chupa za maji, kipande cha sega, na chavua ndani ya karatasi. Sikulala vizuri, ingawa tumbo langu halikuwa na neno lolote. Kesho yake nilimsimulia mtu wa nyota, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu hakuwa na haraka ya kuniambia nisiogope. Alisikiliza akimenya njugu. Kisha akaniambia kwamba yeye hajawahi kugusa nyota hata moja wala hatagusa, na kwamba anajua kilichomo ndani ya nyota kwa kuangalia ni rangi gani imekosekana kwenye mwanga wake.

"Wewe unauliza ndani ya maji kuna nini," akasema. "Uliza kwanza nini hakipo."

Tulikaa mezani kwangu tukahesabu kwa vidole. Chachu haipo. Utelezi wa kijani haupo. Chavua haichachuki. Vyura, ambao hunywa maji kwa ngozi, hawapo. Mbuzi wapo. Ng'ombe wapo. Watu wapo, kwa sasa; yeye ndiye aliyeongeza "kwa sasa," akajuta, akarudi chumbani kwake. Nilibaki nikiangalia vidole vyangu. Chachu ni ukungu, jamii ya ule unaoota kwenye mkate uliolala, na kilichokuwa kikifa mbele yangu kilikuwa ukungu na majirani zake. Basi kulikuwa na dawa ya ukungu ndani ya maji yale, nyingi kiasi cha kuua mpaka utelezi.

Na ni nani anayehitaji dawa ya ukungu kwa wingi namna hiyo, nchi kavu kama hii? Sikulazimika kufikiri sana. Juu ya lile boma, ambako mkondo mkavu unaanzia, kulikuwa na shamba la maua. Mtu akipita barabarani anaona zile paa nyeupe za plastiki zimepangana mpaka upeo wa macho. Waridi huogopa ukungu kuliko kitu kingine chochote.

Lakini kufikiri si kupima. Maabara yetu haikuwa na mashine ya kupima dawa za kunyunyizia mimea, kwa hiyo nilipeleka sampuli kwenye maabara kubwa Nairobi na nikaambiwa nisubiri.

Nikiwa nasubiri, jambo likatokea nyumbani kwangu.

Mume wangu ndiye mwokaji mikate kwetu. Alijifunza alipokuwa hana kazi na hajaacha, na kila Jumamosi binti yetu humsaidia kukanda, unga ukiwafika mpaka nyusi. Jumamosi hiyo unga haukuumuka. Alilaumu hamira, akamtuma binti dukani kuleta pakiti nyingine. Alikanda tena, akafunika beseni kwa kitambaa, akaliweka dirishani penye jua. Nilipopita kwenda kuanika nguo nilifunua kitambaa nikidhani nitamfurahisha kwa habari njema. Donge lilikuwa limekaa vilevile, zito, alama za vidole vya mtoto zikiwa bado juu yake.

Nilisimama hapo jikoni nikaisikia ile rafu iliyonyamaza.

Sisi, kama majirani zetu wengi, maji ya bomba hatuna. Tunanunua kwa bauza, lori linalokuja na kujaza tangi la juu, na maji hayo tunapikia, tunaoga, tunanywa baada ya kuchemsha. Nilichukua mabakuli mawili. Moja nilikanda kwa maji ya tangi, jingine kwa maji ya mvua tuliyokuwa tumekinga kwenye pipa la nyuma. Unga uleule, hamira ileile, dirisha lilelile. Mume wangu alisimama mlangoni amefunga mikono, hajui kama acheke. Kabla ya chakula cha mchana donge la maji ya mvua lilikuwa limejaza bakuli. Lile jingine halikuongezeka.

Binti yetu akasema hilo limelala, tuliache lilale. Nikamwuliza kama asubuhi alikunywa maji. Akasema ndiyo, mengi, alikuwa na kiu.

Siwezi kusema niliogopa kiasi gani, kwa sababu woga wenyewe haukuwa na pa kushika. Mtoto alikuwa akicheza. Hakuwa na homa wala kuhara wala upele. Nilimwita nikamfungua mdomo, nikamtazama ulimi kama mtu anayejua anachotafuta. Mume wangu akaenda kununua maji ya chupa bila kuniuliza neno.

Bauza lilipokuja tena nilimngoja dereva getini. Alikuwa kijana mchangamfu, na alinijibu bila kuficha kitu. Maji wanayachota kwenye kisima cha mashine, akasema, lakini stima ikipotea mashine haivuti, na wateja hawangoji. Siku hizo wanakwenda upande wa Isinya.

"Huko kuna silanga moja iko na maji safi sana, madam," akaniambia. "Hata unaona chini."

Nilimwambia asichote huko tena. Akaitikia vizuri tu, kama mtu anavyomwitikia mteja mwenye maneno mengi, akavuta mpira wa maji kuelekea kwa jirani. Niligonga milango ya esteti yetu yote. Wengine walinishukuru. Mama mmoja aliniuliza ninauza maji ya kampuni gani.

Majibu ya maabara yalikuja kwa simu. Mama aliyenipigia hakunisomea kwanza, aliniuliza swali.

"Hii sampuli ya kwanza, ile ya maji," akasema, "ni maji ya kunyunyizia maua ama ni ya kunywa?"

Nikamwambia ni ya kunywa. Nilisikia karatasi zikigeuzwa. Kisha akaniambia walichokuta, majina ya dawa mbili, zote za ukungu, zimo kwenye maji na kwenye asali, na mojawapo imo pia kwenye chavua. Nikamwuliza mtu akinywa itakuwaje. Akasema kwa kiasi hicho mtu haanguki. Kuhusu mtu anayekunywa kila siku, mwaka baada ya mwaka, akasema yeye hapimi watu, anapima maji.

Nilimpelekea habari mkurugenzi wa kituo. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa sahihi: sampuli za siku moja si utafiti, turudie, tupime na juu ya silanga na chini yake, tupime msimu mwingine, ndipo tuseme. Tukisema mapema na tukakosea, hakuna atakayetusikiliza tena. Nilikubaliana naye kwa kila neno. Halafu nikapanda bodaboda nikaenda kwa Yeyo, kwa sababu msimu mwingine ulikuwa mbali na watu wale walikuwa wanapika chai kila siku.

Nilimkuta na mke wa mwanawe wakikamua mbuzi. Niliwaeleza polepole, kwa maneno ya kawaida. Yeyo hakubisha. Aliuliza mambo machache: kama kuchemsha kunasaidia, nikasema hapana, kama maziwa ya mbuzi wanaokunywa hapo ni mazuri, nikasema sijui, kama ndiyo sababu mke wa mwanawe alipoteza mimba mbili, na hapo nikashindwa kumtazama yule dada. Nikasema hilo sijui, na hakuna atakayejua. Dada mwenyewe aliendelea kukamua. Maziwa yaligonga ndani ya kibuyu mpaka alipomaliza.

Mwana wa Yeyo alirudi kutoka zamu wakati jua likiwa bado juu. Alikuwa anafanya kazi kwenye shamba lile lile la maua, kazi ya kupuliza dawa. Alivua gambuti mbali na nyumba, akanawa, akaja akaketi. Mama yake akamweleza kwa Kimaasai niliyosema. Alisikiliza akiangalia chini. Kisha akaongea nami kwa Kiswahili, taratibu, na nilivyoelewa alikuwa amelibeba jambo hilo kwa muda.

Huko juu, alisema, wana dimbwi la kuoshea mapipa na mashine za dawa. Dimbwi lilizungushiwa ukuta wa udongo. Wakati wa zile mvua kubwa ukuta ulibomoka, na dimbwi lote likashuka na mkondo. Msimamizi aliwaambia litazibwa, na likazibwa kwa mifuko ya mchanga, lakini hadi siku hiyo lilikuwa linavuja. Wafanyakazi waliambiwa wasiongee mambo ya kazini nje ya geti.

"Mimi nikisema, kesho siko kazini," akaniambia. "Na wewe ukisema, watajua ni mimi."

Nilimwuliza kama nisiseme. Aliyejibu ni Yeyo, na hakujibu swali langu. Aliuliza ng'ombe wake wanywe wapi kuanzia kesho. Maji mengine ya karibu yalikuwa kwenye kisima cha mtu, siku nzima ya kutembea na mifugo kwenda na kurudi, na mwenyewe hakuruhusu kila mtu. Nilikuwa nimekuja na majina ya dawa mbili. Maji sikuwa nayo.

Jioni ile ng'ombe walishuka kwenye silanga kama kawaida. Yeyo alisimama akiwatazama wakiinamisha vichwa. Hakuwazuia, na ningekuwa yeye sidhani ningewazuia.

Nilisema. Nilipeleka majibu kwenye ofisi za kaunti, Kajiado mjini, na baada ya kuzungushwa mlango hadi mlango nikampata afisa mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho. Wakaja watu kwenye gari la serikali, wakachota maji kwenye chupa zao, wakapiga picha, wakanishukuru kwa uzalendo. Nilipouliza baadaye majibu yao yako wapi, niliambiwa yanashughulikiwa. Nimeuliza mara nyingi. Bado yanashughulikiwa.

Lakini kitu kilifanyika huko juu, maana wiki chache baadaye tingatinga lilifukia mfereji uliotoka kwenye dimbwi, likasawazisha ardhi, likaondoka. Hakuna aliyekuja kueleza. Mwezi uliofuata shamba lilipunguza wafanyakazi, na mwana wa Yeyo alikuwa miongoni mwao. Hakunilaumu. Alinipigia simu akanieleza tu, kama mtu anavyoeleza hali ya mvua, na akaongeza kwamba kifua chake kimekuwa chepesi tangu aache kupuliza.

Nyuki hawakufia wote mizingani. Waliobaki walihama. Yeyo aliniambia walitoka kundi dogo, si kama kundi la kawaida lenye mngurumo, wakakaa kidogo kwenye mgunga, kisha wakaondoka kuelekea vilimani na mizinga ikabaki wazi. Alingoja msimu mmoja. Kisha naye akauza mbuzi wengi, akaenda kuishi kwa kaka yake ng'ambo ya Kajiado mjini. Nilimsindikiza mpaka lori lilipopakiwa. Alipanda mbele, akanishika mkono kupitia dirishani, akasema "Ashe," asante, na sikujua ananishukuru kwa lipi.

Utafiti wa pombe ulikufa kwa kukosa asali. Mama yangu alisema Mungu ana njia zake. Mkurugenzi aliniruhusu nipime maji badala yake, na sasa kwenye rafu yangu kuna chupa za maji kutoka kila upande: Isinya, Kisaju, Kitengela yenyewe. Mtu wa nyota bado yuko ukuta wa pili. Siku nyingine huja akasimama mbele ya zile chupa akaniambia kwamba nyota anazozitazama, nyingine huenda zimeshazimika na mwanga wake ndio kwanza unafika. Simwambii kwamba hiyo hainifariji. Binti yetu amekua, ni mzima kwa macho ya yeyote. Ninamtazama anapokula.

Silanga niliipima mara kadhaa. Dawa ilipungua, haikuisha. Kwenye maji ya juu ilikuwa kidogo. Kwenye tope la chini ilikuwa palepale, na kila mvua kubwa huligeuza tope.

Mwaka huu, baada ya masika, nilikwenda tena kuchukua sampuli. Nilikuta pamebadilika. Boma la Yeyo halikuwepo. Ardhi ilikuwa imekatwa vipande, bikoni za saruji, alama za mipaka, zimesimama kwenye majani, na bango kubwa njiani likitangaza ploti zenye hati, stima karibu, maji yapo. Silanga ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, inang'aa, na mbali na ndege mmoja mweupe aliyesimama bila kuinamisha mdomo, hapakuwa na kiumbe.

Mume na mke vijana walikuwa wamesimama kwenye ploti iliyo jirani kabisa na maji. Walikuwa wamepanga nyumba huko Tuala kwa miaka mingi, wakaniambia, na sasa wamefika kwao. Msingi ulikuwa umeshachimbwa. Fundi alikuwa anakoroga saruji, na mpira wake ulitoka moja kwa moja kwenye silanga. Mke, aliyekuwa na mimba kubwa, alinionyesha mahali jiko litakapokuwa. Nikawauliza watatumia maji gani.

"Haya haya," mke akasema. "Hatuna shida. Wakati tunanunua tuliambiwa yamepimwa."

Nikauliza yalipimwa na nani.

"Kuna dada mmoja wa maabara, huko Kitengela," akasema. "Wanasema amekuja hapa mara nyingi."

Niliweka chupa zangu chini. Nikawaambia dada huyo ni mimi, na nikawaambia nilichokuta, chote, hata yale nisiyoyajua. Mume alinisikiliza akiwa ameshika kiuno. Nilipomaliza alimtazama mkewe, akatazama msingi, akatazama paa nyeupe kule juu. Hakusema mimi ni mwongo. Aliniuliza kama kwa kujengea peke yake hayana shida. Fundi alikuwa amesimamisha koleo akingoja tumalize, na saruji ilikuwa inaanza kukauka kwenye karai.